Skrini Iliyoganda

Kwa mujibu wa skrini, fundi nondo alikuwa mzima wa afya wakati mkewe anamfunika shuka usoni.

Hilo ndilo lililomkera Shangazi tangu asubuhi. Alisimama mbele ya meza ya wauguzi, mikono nyuma, akiitazama skrini kubwa iliyotundikwa ukutani. Kila mgonjwa mahututi alikuwa na mstari wake wa kijani unaopanda na kushuka, na pembeni yake namba za moyo na pumzi. Jumapili mchana mistari hiyo iliganda. Ingezimika, mtu angeshtuka. Lakini iliganda na namba zake nzuri, na muuguzi akaendelea kuiamini huku nyuma ya mlango mtu anakata roho.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mwanamke mnene wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, na jina hilo alipewa kituoni kwa sababu washukiwa walikuwa wanamweleza mambo ambayo wasingemweleza hata mama yao mzazi. Baadaye walijuta.

"Sista, nieleze tena habari ya sauti."

Muuguzi alikuwa na macho yaliyovimba. Kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya nidhamu, na leo alikuwa kazini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika zamu yake.

"Mashine ya kitandani ina king'ora chake," alisema. "Lakini tunakipunguza, Shangazi. Wodi zote wanafanya hivyo. Kikilia muda wote, mgonjwa halali, na ndugu wanaingia mbio wakidhani mtu wao anakufa. Kwa hiyo tunapunguza kule, tunasikilizia hapa. Hii skrini ndiyo inayotulilia."

"Na Jumapili haikulia."

"Haikulia. Sikusinzia hata kidogo. Nimeapa na nitaapa tena."

"Sijasema umesinzia."

"Wao wanasema."

Wao walikuwa wakubwa wa hospitali, na walisema hivyo kwa haraka inayotia shaka. Mpira wa oksijeni uliochomoka, muuguzi aliyezembea, faili likafungwa. Shangazi hakupenda faili linalojifunga lenyewe. Jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa lilikuwa limeporomoka, na wanaume wawili tu walitolewa kwenye kifusi wakiwa hai: fundi nondo na fundi mwashi. Wote wawili walikuwepo mtu alipotoa amri kwamba nguzo za kushikilia zege ziondolewe kabla zege halijakauka. Fundi nondo alikufa kabla hajaweza kumtaja mtu huyo. Fundi mwashi alikuwa chumba cha pili, mashine ikimpumulia, na daktari alisema akipata siku chache za utulivu atazungumza.

Kama Jumapili ilikuwa ajali, basi ilikuwa ajali. Kama ilikuwa mkono wa mtu, mkono huo ulikuwa haujamaliza kazi. Shangazi alimwomba mkuu wake askari wa kukaa mlangoni, akajibiwa kwa mkato: niletee mkono, nikupe askari.

"Karibuni chai."

Mwanamume mmoja alikuwa amefika mezani bila kusikika, amebeba chupa ya chai na vikombe. Alivaa sweta safi la kijivu na uso wa mtu aliyekosa usingizi kwa sababu za heshima.

"Asante, Shemeji," muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Huyu bila yeye tungeshaanguka."

"Mimi nafanya nini? Nyinyi ndio mnaofanya." Akamgeukia Shangazi. "Pole na kazi, dada."

Shangazi alimkumbuka. Mjane wa fundi nondo alikuwa amemtaja asubuhi kwenye simu: yeye mwenyewe alitoka kidogo Jumapili, aliporudi akamkuta mumewe ameshakuwa wa baridi, na yule shemeji yao wa chumba cha pili, mtu mwema jamani, ndiye aliyemshika asianguke.

"Wewe Jumapili ulikuwepo?"

"Nilikuwa chumba cha ndugu, dada, nimejilaza kwenye kiti. Nikasikia kilio."

"Nitakuhitaji baadaye tuongee."

"Nipo. Niende wapi nami nina mgonjwa?" Akachukua kikombe kingine, akakipeleka kwa uangalifu kule chumba cha ndugu, alikokuwa amekaa mke wa fundi mwashi.

Chumba cha mitambo kilikuwa chini, mwisho wa korido, na kilikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Humo alitawala fundi wa mtandao, kijana mrefu mno ambaye hospitali nzima ilimwita Antena. Pembeni yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mama wa usafi alikuwa analia kwenye kanga yake.

"Kesi imekwisha, Shangazi," Antena alisema. "Huyu mama ndiye."

"Sikujua mimi!" mama wa usafi alisema. "Matroni alituambia asione waya unaning'inia. Mimi nikiukuta waya mwisho wake uko hewani, nautafutia tundu. Kule stoo ya mashuka kulikuwa na mmoja, upande huu umeingia ukutani, upande huu unaning'inia. Na pembeni kuna tundu tupu. Nikauchomeka. Nimeua mtu, jamani."

"Acha kulia kwanza, mama. Antena, nieleweshe mimi. Waya kuingia ukutani pande zote mbili unauaje mtu?"

Antena alijiweka sawa. Alikuwa mtu anayefurahia kuulizwa.

"Haya masanduku yenye taa tunayaita madaraja. Kila wodi ina mtandao wake mdogo, daraja linavusha ujumbe kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ujumbe wenye mwenyewe linaufikisha kwa mwenyewe. Lakini kuna ujumbe wa wote. Mashine ikiwashwa inauliza, jamani fulani yuko wapi? Huo daraja halijui la kuupeleka, linautupa kila mlango. Sasa ukiunganisha milango miwili kwa waya mmoja, ujumbe unatokea huku, unaingia kule, unatupwa tena kila mlango. Unazunguka. Kila ukizunguka unazaa mwingine. Kufumba na kufumbua mtandao mzima umejaa swali moja, na moyo wa mgonjwa hauna pa kupita."

"Kama umbea wa ofisini."

"Umbea huwa unachoka, Shangazi. Huu hauchoki mpaka ukate waya."

"Na Jumapili ulikata huo wa stoo, mtandao ukatulia."

"Ukatulia."

"Palepale? Ulipochomoa tu?"

Antena alizitazama taa. "Niliuchomoa, nikateremka huku chini kuangalia taa. Nilipofika zilikuwa zimetulia."

"Kwa hiyo hukuona zinatulia. Ulizikuta zimetulia." Shangazi akamwinamia mama wa usafi. "Mama, huo waya uliuchomeka lini?"

"Ijumaa."

"Una hakika?"

"Ijumaa ndiyo siku ya kubadili mashuka. Siku nyingine stoo haifunguliwi."

Shangazi alimgeukia Antena, na Antena akaanza kujikuna shingo.

"Ijumaa," Shangazi alisema. "Na wewe unasema kufumba na kufumbua. Basi Jumamosi yote huo umbea ulikuwa umesafiri?"

"Kuna kinga," Antena alikiri, sauti imeshuka. "Haya madaraja yanaulizana kila mara. Yakigundua njia zimekuwa mbili, moja linafunga mlango wake lenyewe. Labda Jumapili kinga ilikataa kufanya kazi. Labda."

"Turudishe huo waya tuone."

"Shangazi! Kukiwa na wagonjwa?"

"Ndiyo maana tutajipanga."

Alipanda mwenyewe hadi wodini. Alimwambia muuguzi awatangazie ndugu wote kwamba mtandao unafanyiwa majaribio na skrini inaweza kusumbua, kisha aingie kwa fundi mwashi na kukaa naye. "Usiitazame skrini. Mtazame mtu. Usitoke mpaka nije mwenyewe." Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akachungulia chumba cha ndugu akawapa taarifa kwa sauti, akaingia kwa mgonjwa na kuvuta kiti karibu na kitanda. Shangazi aliridhika. Baadaye hilo tangazo lingemuuma, lakini wakati ule aliliona ni la busara.

Mama wa usafi alikwenda stoo na kuuchomeka waya vilevile alivyouchomeka Ijumaa. Chini, Shangazi akiwa amerudi kando yake, Antena alikodolea macho sanduku la wodi huku midomo yake ikienda kama anasoma dua. Taa moja ilibadilika kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa, ikatulia hapo. Nyingine ziliendelea kupepesa taratibu.

"Imefunga mlango," alinong'ona. "Kinga ni nzima."

"Kwa hiyo ule waya hauna kosa."

"Hauna." Akajifuta uso. "Lakini basi Jumapili ni nini kilichotokea?"

Shangazi alimpigia mama wa usafi simu ya mkononi, akamwambia auchomoe waya, anywe maji, na ajue kwamba hakuua mtu. Upande wa pili kilisikika kilio kingine, cha aina tofauti. Taa ya chungwa ikarudi kijani. Alikuwa bado ameshika simu taa zote zilipowaka kwa pamoja.

Hazikupepesa tena. Ziliwaka zote, mfululizo, na feni za masanduku zikapandisha sauti.

"Mwambie achomoe!" Antena alipiga kelele.

"Ameshachomoa. Ulikuwa unaiona hiyo taa."

"Basi ni..." Hakumaliza. Rangi ilimtoka usoni, na Shangazi alijua wamefika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Waya wa stoo ulikuwa mikononi mwa mama wa usafi. Kulikuwa na mzunguko mwingine, na mtu alikuwa ameuanzisha sasa hivi.

"Unatokea wapi?"

"Sijui! Ukishafurika, kila upande unaonekana ndio chanzo."

"Kata upande mmoja mmoja."

Antena alichomoa waya wa maabara. Taa ziliendelea kuwaka. Akachomoa wa duka la dawa, kisha wa upasuaji akiwa ameomba radhi kwa sauti, na taa ziliendelea kuwaka. Alipochomoa wa wodi ya mahututi, sanduku kubwa lote likatulia kama mtoto aliyezibwa mdomo kwa titi. Aliurudisha mara moja, likafurika tena, akauchomoa, likatulia.

"Ni juu," alisema. "Ni wodini kwenyewe. Mtu kaleta daraja lake. Vile visanduku vya bei rahisi vya dukani havielewi yale maswali ya kinga, vinayameza. Ukichukua waya mfupi ukautoa kwenye kisanduku na kuurudisha kwenye kisanduku hichohicho, hakuna atakayejua mpaka kila kitu kiwe kimeganda."

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Unene wake haukumzuia. Magoti tu ndiyo yaliyolalamika. Alijiambia kwamba muuguzi yuko kitandani, kwamba amemkataza kutoka, kwamba skrini iliyoganda haina neno mtu akiwa na mtu. Alijiambia hivyo hadi ngazi ya mwisho.

Korido ya wodi ilikuwa kimya. Juu ya meza skrini ilionyesha mistari ya kijani iliyosimama, na ya chumba cha pili ilikuwa na namba nzuri kuliko zote. Na muuguzi alikuwa anatoka chumba cha ndugu, uso wake umejaa mshangao.

"Sista! Nimekuambia usitoke!"

"Nimeitwa, Shangazi. Mke wa mgonjwa ameanguka amezimia. Lakini mbona..."

Nyuma yake, mlangoni, mke wa fundi mwashi alisimama na kikombe cha chai mkononi. "Mimi nimeanguka lini?"

"Nani kakuita?"

"Shemeji," muuguzi alisema. "Kasema atanikalia na mgonjwa."

Muuguzi ndiye aliyeanza kukimbia, na Shangazi nyuma yake, na nyuma yao Antena akavamia kabati la nyaya la korido, akawa anang'oa nyaya moja baada ya nyingine bila kuomba radhi tena. Alipong'oa wa chumba cha ndugu, skrini ilizinduka. Ule mstari mzuri wa chumba cha pili ulianguka mbele ya macho yao hadi chini kabisa, na wodi nzima ikajaa king'ora.

Mpira wa mashine ulikuwa umelala juu ya shuka, umekunjwa vizuri, kama mtu aliyeuweka alijali unadhifu. Fundi mwashi alikuwa na midomo ya samawati. Mlango mdogo wa nyuma, ule wa kuteremkia wakati wa moto, ulikuwa bado unacheza kwenye bawaba zake.

Muuguzi hakupiga kelele. Alinyakua mfuko wa kupulizia hewa, akaubana usoni kwa mgonjwa na kuanza kuuminya, huku anamsemesha kama mdogo wake: "Haya, kaka, haya, usinifanyie hivyo, si kwangu mara mbili." Shangazi alisimama ukutani akiwa hana la kufanya, na aliogopa, aliogopa kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyetangaza kwamba skrini itasumbua. Alimpa mtu yule nafasi mkononi, kama zawadi.

Namba zilianza kupanda. Kwanza moja ilipepesa, ikasita, kisha ikapanda bila kurudi nyuma. Muuguzi aliurudisha mpira mahali pake, akakaa sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda.

"Yupo," alisema. "Yupo, Shangazi."

Antena alikuja na kisanduku cheusi kidogo, waya mfupi umetoka tumboni mwake na kurudi tumboni mwake. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi chini ya kiti cha pembeni katika chumba cha ndugu. Kiti hicho kila mtu wodini alijua ni cha nani.

Shangazi alimkamata mke wa fundi mwashi mabega, kwa upole. Mwanamke huyo alikuwa amesimama kizingitini.

"Mama, yule shemeji, ni ndugu wa mumeo?"

"Hapana. Si ni wa marehemu? Si ni shemeji wa yule mama wa chumba cha kwanza?"

"Yeye aliniambia asubuhi kwamba ni wako."

Muuguzi aliinua kichwa polepole kutoka kwenye mguu wa kitanda. Wote walikuwa wamekunywa chai yake. Wote walimwita shemeji, na kumwuliza mtu wa namna ile wewe ni shemeji wa nani kungekuwa kumkosea adabu. Mtu yule aliliona hilo tundu tupu akajichomeka.

Shangazi aliteremka kwa mlango wa nyuma hadi getini. Bawabu alimwona kwa mbali, akavua kofia.

"Pole sana, Shangazi."

"Pole ya nini?"

"Ya yule fundi mwashi. Shemeji yake kapita hapa sasa hivi, analia, masikini. Kasema amefariki, anawahi kuwapa taarifa wenyewe. Nimemfungulia geti mimi mwenyewe, nikampa na mkono wa pole."

"Kaelekea wapi?"

"Kuna gari lilikuwa linamsubiri. Sikulitilia maanani, Shangazi. Mtu amefiwa, utamhoji?"

Shangazi alifungua mdomo kusema kwamba mgonjwa yu hai. Akaufunga. Barabara ilikuwa imejaa watu wa mchana wanaokwenda na hamsini zao, na katika hao hakuna hata mmoja aliyevaa sweta la kijivu. Mahali fulani wenyewe, wale waliomtuma, walikuwa wanapewa taarifa. Leo wangelala usingizi mzuri, na mtu aliyelala usingizi mzuri hatumi mtu mwingine hospitali. Lakini wangepiga simu kuhakikisha. Wangeuliza kwa bawabu, kwa wafagiaji, kwa majirani.

"Asante, baba," alimwambia bawabu. "Ni kazi ya Mungu." Akapanda ngazi tena, safari hii taratibu.

Juu, alimwambia Antena azime skrini ya chumba cha pili, tena aizime kabisa, isigande. Alimwambia muuguzi afunge pazia, na asiingize mtu isipokuwa daktari. Alimpigia mkuu wake. "Mkono nimeupata," alisema. "Naomba askari wawili, waje bila sare." Kisha akamfuata mke wa fundi mwashi kwenye korido, akamshika mikono yote miwili.

"Mumeo mzima. Umemwona mwenyewe."

"Nimemwona. Namshukuru Mungu."

"Sasa nataka ulie."

Mwanamke akamtazama kama ametukanwa. "Nimlilie mume wangu naye anapumua?"

"Mlilie ili aendelee kupumua. Aliyetaka kumuua ametoka hapa akijua amemuua. Asirudi. Asitume mwingine. Lia wasikie mpaka getini, mama, na mtu yeyote akikuuliza, hata ndugu yako wa tumbo moja, mumeo hayupo. Naomba unisamehe kwa hili."

Mke wa fundi mwashi alisimama, kikombe bado mkononi. Alikitazama, akakumbuka ni chai ya nani, akakiachia kikapasuka sakafuni. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa imemkaa kifuani tangu siku jengo lilipoporomoka, na alikuwa ameibana kwa sababu kulia mapema ni kumwitia mtu wake kifo.

Mama wa usafi aliisikia kutoka stoo ya mashuka akaja mbio, akashika kichwa na kuipokea. Kutoka kwake ikaenda wodi ya pili, ikateremka ngazi, ikapita maabara na duka la dawa, kila mtu akiitupa kwa mwenzake bila kuuliza. Shangazi aliegemea ukuta akaisikiliza ikizunguka. Getini, bawabu alivua kofia yake kwa mara ya pili, na simu ya kibandani kwake ikaanza kulia.